Maziwa ni Maziwa na Tui ni Tui

Siku hizi ukiingia katika mkahawa wa watu wenye nafasi mjini Nairobi, tuseme kule Westlands au Kilimani, ukaagiza kahawa, mhudumu hakuulizi tena kama wataka maziwa au hutaki. Akuuliza wataka maziwa gani. Ya ng'ombe? Ya soya? Ya lozi? Au ya oti, ile nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya shayiri? Na ukichagua yasiyokuwa ya ng'ombe, aghalabu utaongezwa bei, kwa kuwa pakiti moja ya vitu hivyo huuzwa madukani kwa mara kadhaa ya bei ya maziwa ya kawaida, na nyingi zimevuka bahari kuja kwetu.

Nimewahi kuwasikia mabwana wawili wakibishana juu ya jambo hili mpaka kahawa zao zikapoa. Mmoja alishikilia kwamba maziwa ya ng'ombe ni haki ya ndama, na mtu mzima anayeyanywa ni mwizi. Mwenziwe akamjibu kwamba hivyo vingine vyote ni maji ya kuoshea nafaka wanayouziwa wajinga. Mimi simwungi mkono hata mmoja wao. Lakini nashangaa kuona Wakenya wakibishana kana kwamba jambo hili limeshuka juzi na ndege kutoka Ulaya, ilhali nusu yake iko jikoni mwa kila nyumba ya Pwani.

Tuanze na jina. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya kampuni moja ya Kijerumani iitwayo TofuTown, kwamba kinywaji cha soya kisiuzwe kwa jina la maziwa. Maziwa, wakasema majaji, ni ya mnyama; isipokuwa majina machache yaliyozoeleka tangu zamani, na mojawapo ni lile wanaloiita nazi iliyokamuliwa. Basi wenzetu wamepelekana mpaka kortini kwa ajili ya neno ambalo Kiswahili kilikwisha kulimaliza kabla ya wakili yeyote kuvaa joho. Mpishi wa Lamu akipika wali hakuambii ametia maziwa. Ametia tui. Maziwa ni maziwa na tui ni tui, na hakuna mtoto wa Mombasa anayechanganya mambo hayo mawili.

Na ukitazama kazi yenyewe utaona neno hilo linatosha kabisa. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji, ikafikichwa, ikakamuliwa kwa kifumbu. Kinachoshuka ni tui, yanayobaki ni machicha. Soya nayo huloweshwa, ikasagwa, ikachujwa. Lozi vivyo hivyo. Oti pia, ila huko viwandani huongezwa vimeng'enya vinavyogeuza wanga wake kuwa sukari, na ndiyo sababu kinywaji hicho ni kitamu hata bila kutiwa sukari. Sasa kwa nini tusiseme tui la soya, tui la lozi, tui la oti? Tunakwenda kuazima jina lenye ugomvi ndani yake na kuliacha letu lililotulia.

Jambo la pili ni tumbo. Yuko mtu ambaye akinywa kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa hujaa gesi na kukimbilia msalani, na kwetu mtu kama huyo huchekwa, huambiwa anajifanya Mzungu. Si kweli. Katika dunia nzima, watu wazima walio wengi, yapata theluthi mbili, hupungukiwa na uwezo wa kuyeyusha sukari iliyomo ndani ya maziwa mara wanapopita utoto. Mwaka wa 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa uchunguzi walioufanya miongoni mwa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Waligundua kwamba wafugaji wa huku kwetu wana mabadiliko yao wenyewe ya urithi yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hivyo Mmaasai anayemaliza kibuyu si shujaa kumshinda jirani yake anayeumwa na tumbo. Kila mmoja amerithi alichorithi. Asiyeweza asilazimishwe kwa jina la uzalendo.

Hata hivyo sipendi mzazi yeyote asome hapa akaenda kumnyima mwanawe maziwa. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe kina protini yapata gramu 8. La soya hukaribia hapo. Lakini la lozi huwa na gramu moja au mbili tu, na la nazi ni mafuta zaidi kuliko kitu kingine. Kwa mtu mzima anayetaka kupunguza weusi wa kahawa, haidhuru. Kwa mtoto mchanga ni jambo jingine kabisa.

Nimetaja weusi wa kahawa, na hapo niseme ukweli ambao wenye mikahawa hawausemi. Kahawa yetu ya milimani ina ukali wa pekee, ule unaokaribia ukali wa matunda, hasa ile ya miti ya SL28 na SL34 iliyochaguliwa na Maabara ya Scott, Kabete, katika miaka ya 1930. Ukali huo ndio unaoipa sifa duniani, na ndio unaoigandisha soya mara inapomwagwa kikombeni, ikaelea mabongemabonge kama maziwa yaliyoharibika. Pakiti zilizoandikwa kuwa ni za wapika kahawa huwa zimetiwa mafuta na chumvichumvi za kuzuia mgando huo. Mpishi wa Pwani hahitaji kuandikiwa. Yeye anajua kwamba tui la kwanza hutiwa mwisho, hukorogwa bila kupumzika, na likiachwa kuchemka ovyo hukatika. Nyumbani kwangu mimi hutumia tui la pili, lile jepesi, nikalichuja kwa kitambaa, nikalipasha moto bila kuliacha lichemke, kisha nikaimimina kahawa juu yake polepole. Ladha ya nazi utaisikia, sikufichi. Asiyependa wali wa nazi asijisumbue.

Lakini kubwa kuliko yote ni mfuko, na mfuko wa nani. Chama cha KCC kilianzishwa na walowezi mwaka wa 1925, na kwa muda mrefu biashara ya maziwa ilikuwa yao, kama kahawa ilivyokuwa yao. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ndio uliofungua mlango kwa Mwafrika wa kawaida kupanda kahawa kwa wingi na kufuga ng'ombe wa gredi. Leo sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hii hutoka kwa wafugaji wadogo, mtu na ng'ombe wake wawili watatu, kipande cha nepia na mkebe unaopelekwa barabarani alfajiri kungoja gari la ushirika. Waliosoma baada ya mwaka wa 1979 wanakumbuka pakiti za Maziwa ya Nyayo shuleni. Maziwa hapa si kinywaji tu, ni karo.

Wapo wanaosema ng'ombe anaharibu hali ya hewa. Wana hoja. Uchunguzi wa Poore na Nemecek wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba, kwa wastani wa dunia, lita moja ya maziwa huleta hewa chafu yapata mara tatu ya lita ya soya au oti. Na ng'ombe wetu wanaotoa maziwa kidogo hawatasifiwa katika hesabu hiyo ya lita. Ila hesabu hiyo haiulizi samadi inakwenda shamba gani, wala mjane wa Nyandarua atauza nini mtoto akiitwa shule ya upili. Anayetaka kupunguza maziwa kwa ajili ya dunia namheshimu. Ninachomwomba ni kwamba asimwonyeshe kidole mama huyo huku akinywa oti iliyopakiwa ng'ambo.

Kwani tui letu liko wapi? Minazi imejaa Kilifi na Kwale. Mkulima wa huko hupata fedha kidogo sana kwa nazi yake, na wengine huona afadhali kugema tembo, kwa kuwa mnywaji analipa siku hiyo hiyo. Hapo ndipo ningependa kuwaona wenye mikahawa. Wananunua kahawa ya Nyeri, wanaisifu ubaoni kwa jina la kijiji na mwinuko wa shamba, kisha wanaichanganya na kitu ambacho hawajui kimelimwa wapi. Kama yupo mteja asiyetaka maziwa, na yupo, mpeni tui la Kilifi kwa bei inayofanana na akili.

Au mpeni kahawa peke yake. Pale Mombasa muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, na kahawa tungu hushuka na tangawizi na kipande cha kashata au halwa pembeni. Hakuna anayeulizwa juu ya maziwa. Wazee waliokaa barazani wangemwona mwulizaji kuwa mgonjwa. Mimi mwenyewe asubuhi nataka maziwa ya ng'ombe, na jioni nataka tungu, na Jumapili mke wangu akikuna nazi ya wali hubakisha tui kidogo kwa ajili ya birika langu. Sijaona kwa nini nichague moja niapie.

Nangoja mkahawa wa kwanza wa Nairobi utakaoandika neno tui kwenye orodha yake ya bei. Nitakwenda na jirani yangu, yule wa tumbo.