Nusu maili ya Kilimanjaro inahitaji watunzaji

Mpunga wa Chekereni na Mabogini, kwenye tambarare ya Moshi, ukianza kutoa masuke, kazi ya mkulima hubadilika. Jembe huwekwa kando, na mtu hushinda shambani akiamia ndege: anapiga debe, anarusha mawe kwa kombeo, anapaza sauti mpaka inakauka, kwa kuwa kundi moja la kweleakwelea likitua linaweza kumaliza jasho la msimu mzima. Kilomita chache kuelekea mlimani, Uru au Kibosho, mwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, hana ndege wa kufukuza namna hiyo. Yeye anatunza. Anatandaza samadi kwenye mashina ya migomba, anang'oa machipukizi yaliyozidi, anapogoa mibuni, anaacha mti mkubwa usimame ili kahawa ipate kivuli. Juu zaidi, kwenye banio la mfongo, yaani mfereji wa asili, jirani zake wanakinga maji yaende vihambani.

Kuamia, kutunza, kukinga. Kila kazi ina jina lake kwa sababu kila hasara ina njia yake ya kuzuiwa, na hakuna mkulima wa Moshi anayezichanganya. Sera za mlima ndizo zilizochanganya. Kwa zaidi ya miaka 100 Kilimanjaro imesimamiwa kana kwamba kuna njia moja tu: kuweka mpaka, kuweka askari na kuwazuia watu.

Wajerumani waliufanya mlima na misitu yake kuwa pori la akiba mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakatangaza msitu wa hifadhi mwaka 1921. Serikali huru ikaanzisha Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA) mwaka 1973, na mwaka 1987 UNESCO ikauingiza mlima kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Katika mlolongo huo wote kuna uamuzi mmoja uliokuwa na hekima ya aina tofauti. Mwaka 1941 utawala wa kikoloni ulitenga ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili, kama mita 800, kati ya vihamba na msitu wa asili. Ukanda huo uliwekwa chini ya Baraza la Wachagga ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya mifugo bila kuingia ndani ya msitu mkubwa. Wenyeji wanauita Nusu Maili mpaka leo.

Baada ya uhuru Nusu Maili ilipita mikono mingi, mara halmashauri, mara serikali kuu. Kitu kisicho na mwenyewe wa kudumu hakitunzwi, na miti ikapungua. Mwaka 2005, hifadhi ilipopanuliwa kuumeza msitu, ukanda huu nao ukaingizwa ndani, na tangu hapo mama anayekwenda kukata majani ya ng'ombe amekuwa mtu wa kuulizwa anafuata nini msituni. Malalamiko ya wanavijiji dhidi ya zuio hilo yamefikishwa hadi bungeni, tena na wabunge wa vyama tofauti.

Majani si jambo dogo mlimani. Vihamba ni vidogo, watu ni wengi, na ng'ombe hawatoki bandani. Chakula chao huletwa kichwani, mzigo mmoja baada ya mwingine, kikiwa kimekatwa kwa mundu. Ng'ombe akikosa majani, maziwa yanakatika na samadi pia. Samadi ikikosekana, mgomba unadhoofu, na kihamba ambacho FAO ilikitambua mwaka 2011, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia kinapoteza nguvu kutokea kwenye udongo. Inashangaza kusikia urithi ukisifiwa upande mmoja wa mpaka huku mzigo wa majani unaoulisha ukiwa kosa upande wa pili.

Wapo wanaosema wanavijiji hawaaminiki, na hoja yao ina uzito. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulionyesha hali ya kutisha: mikulo iliyokatwa kwa wingi katika msitu wa asili, matanuri ya mkaa, mashamba yaliyosogezwa ndani. Mkulo hukua polepole mno, na mbao zake zina bei. Lakini mkulo uliokomaa hauangushwi kwa mundu. Unahitaji msumeno, wabebaji, gari la kushusha mbao usiku na mnunuzi anayesubiri. Biashara hiyo ilistahili kupigwa vita kwa nguvu zote, na askari wanastahili shukrani kwa kuipunguza. Kumweka mkata majani kwenye kapu moja na mfanyabiashara wa mbao ndipo kosa lilipo.

Oktoba 2020 mlima wenyewe ulionyesha unawahitaji nani. Moto ulizuka tarehe 11 eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, ukasambaa kwenye vichaka vikavu vya ukanda wa juu na kuunguza karibu kilomita za mraba 95. Waliopanda kuuzima walikuwa mamia: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, na wananchi wa vijiji vya chini ambao siku nyingine huzuiwa kuvuka mpaka. Walipanda wakiwa na mapanga na matawi mabichi, wakapambana na moshi na baridi ya usiku.

Hawakwenda kwa ajili ya theluji, ingawa picha za watalii ni za theluji. Mvua nyingi ya mlima hunyesha kwenye msitu, na maji mengi yanayoshuka hutoka huko. Ndiyo yanayojaza mifongo ya Wachagga, yanayofika mpunga wa Chekereni, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC na bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mitambo ya umeme ya Mto Pangani. Mfongo, kwa upande wake, una utaratibu ambao ofisi yoyote ingeweza kujifunza kutoka kwake: kila ukoo una zamu yake ya maji, siku ya kuzibua tope inajulikana, asiyefika analipa faini, na anayeiba zamu ya mwenzake anaitwa mbele ya wazee. Mifongo imedumu kwa karne kadhaa bila geti.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua usimamizi shirikishi, na vijiji vingi nchini vinasimamia misitu kwa sheria hiyo. Nusu Maili inastahili utaratibu wa namna hiyo. Itolewe kwenye mipaka ya hifadhi, igawanywe kijiji kwa kijiji, kila kamati ipewe mkataba wa maandishi wenye siku za kukata majani na kuokota kuni, idadi ya miche ya asili ya kupandwa kila msimu wa masika, na adhabu kwa kijiji kitakachoshindwa. KINAPA ibaki na msitu wa juu, ambako askari wake wanahitajika kweli. Sehemu ya ada za makumi ya maelfu ya wapandaji wa kila mwaka igharimie vitalu vya miche na vifaa vya kuzimia moto katika kila kijiji kinachopakana na msitu, kabla ya kiangazi kijacho.