Mazingatio ya Tarehe: Mji Ulioangushwa na Majirani Zake

Ndugu wasomaji, mwaka 1519 jemadari wa Kihispania aitwaye Hernán Cortés alishuka pwani ya nchi ambayo leo huitwa Meksiko. Katika barua alizompelekea mfalme wake aliyaita mahekalu ya Waazteki misikiti. Waazteki hawakuujua Uislamu kabisa. Lakini Granada, dola ya mwisho ya Waislamu katika Andalusi, ilikuwa imetekwa mwaka 1492, na kufika mwaka 1502 Waislamu wake walikwisha lazimishwa kubatizwa au kuhama, kinyume cha ahadi walizoandikiwa. Kwa watu waliotoka katika vita vile, kila nyumba ya ibada isiyokuwa yao ilifanana na msikiti.

Sababu hiyo yatosha kututia simanzi tusomapo khabari za Waazteki. Walakini tarehe haisomwi kwa ajili ya kulia tu. Husomwa ili tupate mazingatio.

Mji wao mkuu, Tenochtitlan, ulijengwa kisiwani katika ziwa la Texcoco. Ulikuwa na njia pana zilizokatisha maji, mfereji ulioleta maji matamu kutoka Chapultepec, na mashamba yaliyotengenezwa ziwani kwa matope na miti. Soko lake la Tlatelolco liliwastaajabisha Wahispania kwa wingi wa bidhaa na kwa mahakimu wake waliokuwapo kuamua magomvi ya wauzaji na wanunuzi.

Lakini mji huo mzuri ulikula jasho la wengine. Nchi zilizoshindwa zilitozwa nguo za pamba, mahindi na kakao, na mateka wa vita walichinjwa mbele ya masanamu. Nchi ya Tlaxcala, iliyokataa kutii, ilizungukwa pande zote, na watu wake wakanyimwa chumvi na pamba miaka mingi. Fikirini, ndugu zetu, ni chuki gani huota katika moyo wa mama apikaye kila siku bila chumvi, hali ajua ni nani aliyemzuilia.

Cortés alifika na askari wapata 500 na farasi 16. Watu hao peke yao wasingeweza kuuvunja mji wa maelfu kwa maelfu. Watu wa Cempoala, karibu na pwani, walimlalamikia juu ya kodi za Waazteki. Watlaxcala walipigana naye kwanza, kisha wakafanya naye suluhu. Walisema moyoni kama tusemavyo sisi: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tarehe 8 Novemba 1519 mfalme Moctezuma alimpokea Cortés mjini kwa heshima, na baada ya siku chache mgeni akamfunga mwenyeji wake. Mwezi wa Mei 1520 Wahispania waliwaua watu waliokuwa wakicheza ngoma ya sikukuu yao, wala hawana silaha. Wananchi wakaondoka kwa hasira, na usiku wa tarehe 30 Juni wakawafukuza. Waliosalimika walikimbilia Tlaxcala, wamechoka na wamejeruhiwa. Siku ile Watlaxcala wangaliweza kuwamaliza. Badala yake waliwalisha na kuwauguza.

Kisha ukaja ugonjwa wa ndui, ambao watu wa nchi ile hawakuwa wameujua, ukaua watu wengi mno pamoja na mfalme mpya, Cuitláhuac. Mwaka 1521 mji ukazingirwa. Vyombo 13 vya kupigania ziwani vilichukuliwa vipande vipande kutoka Tlaxcala mabegani mwa wapagazi, na wengi wa askari waliouzunguka mji walikuwa wenyeji wa nchi ile ile. Mfereji wa maji ukakatwa. Tarehe 13 Agosti mji ukaanguka.

Watlaxcala walipewa heshima na baadhi ya haki, lakini maradhi hayakuwabagua, na nchi yote ikawa chini ya ufalme wa ng'ambo kwa miaka 300. Waliyemwita awatue mzigo akawa yeye ndiye mzigo.

Wako wasemao kuwa Waazteki walistahiki kwa damu waliyoimwaga. Sisi twasema hivi: kumchinja mtu kwa ajili ya sanamu ni dhambi kubwa, wala hatuitetei. Lakini makosa ya mtu si hati ya kumnyang'anya nyumba yake, wala imani haitiwi moyoni kwa upanga. Tangu hapo, mnyang'anyi huanza kwa kuhesabu aibu za anayetaka kumnyang'anya.

Wala sisi Waislamu tusijione tumesalimika na kosa la majirani wale. Mwaka 1248 Ibn al-Ahmar, mfalme wa Granada, alipeleka askari kumsaidia mfalme wa Castile kuuteka mji wa Waislamu wa Sevilla. Miaka 244 baadaye ikafika zamu ya Granada yenyewe, na Sevilla haikuwapo tena kuisaidia.

Enyi vijana, mtasikia kuwa miji huanguka kwa mizinga na farasi. Hayo ni kweli, lakini mizinga huja baadaye. Kinachotangulia ni jirani aliyedhulumiwa hata akafurahi kumwona adui mlangoni mwetu. Ukuta wa kwanza wa mji ni insafu kwa jirani, awe Mwislamu au asiwe.

Na ukuta huo huanza kujengwa nyumbani. Mama anapomtuma mtoto apeleke chumvi kwa jirani aliyeishiwa, asidhani kuwa amefanya jambo dogo. Na baba anayemzuilia jirani njia au maji kwa kuwa ana nguvu, naye asidhani kuwa jambo hilo litasahauliwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waadilifu tunapokuwa na nguvu, na wenye busara tunapokuwa wanyonge. Amin.