Mashine ni yake, kufuli ni la nani?

Wadau, leo naomba nigombane na nyinyi kidogo. Hasa nyinyi mliosoma, mnaofanya kazi za kompyuta Dar, Mwanza na Arusha, ambao mkisikia fundi wa kijijini kagusa BIOS mnashika vichwa.

Nilikuwa Kibimba, wilayani Ngara. Kuna stesheneri pale, zile zetu za kawaida: kutoa kopi, kuchapa barua, kujaza fomu za mtandaoni, picha za pasipoti. Kompyuta yake ni ya mezani, mtumba, bado ina stika ya mali ya ofisi fulani ya Ulaya. Kijana anayeihudumia alikuwa ameifungua, amebana klipu kwenye chipu ndogo ya miguu minane iliyoko kwenye mazabodi, anasoma BIOS ili aihariri na kuirudisha. Alitaka kufungua kurasa za mipangilio ambazo kiwanda kilizificha, aone kama prosesa inaweza kukimbia zaidi. Nikapiga picha, nikaitupia kwenye grupu letu la WhatsApp. Jibu la kwanza: "Huyo anachakachua." La pili: "Huo ni wizi."

Wizi? Wa nini, na kamwibia nani?

Neno kuchakachua tunalijua. Mtu anachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, anamuuzia mwenzake kama dizeli safi. Kosa lake ni kumdanganya mnunuzi. Sasa kijana wa Kibimba kamdanganya nani? Mwenye kompyuta kainunua kwa pesa yake, na ndiye aliyemwita. Msije mkanitajia simu za IMEI bandia zilizozimwa na TCRA mwezi Juni 2016. Kubadili IMEI ni kugushi utambulisho wa kifaa kwenye mtandao wa watu wote, na sheria inakataza. Kasi ya prosesa iliyo ndani ya boksi lako si utambulisho wa mtu yeyote.

Kwa ambao hamjawahi kufungua boksi: BIOS ni programu ndogo inayoamsha kompyuta kabla Windows haijaanza. Ndiyo inayoiambia prosesa ikimbie kwa kasi gani. Hesabu yake ni rahisi. Kuna mapigo ya msingi, mara nyingi megahetsi 100, yanazidishwa kwa namba fulani. Mia mara 33, unapata gigahetsi 3.3. Ukiruhusiwa kupandisha ile 33, kasi inapanda. Usiporuhusiwa, basi.

Na nani kakataza? Hapa ndipo ninapotaka tuwe wakweli. Tunaambiwa kufuli ni kwa usalama wetu. Haya, tuangalie historia. Januari 2011 Intel walitoa prosesa mbili, Core i5-2500 na Core i5-2500K. Zote viini vinne, zote gigahetsi 3.3. Ya kwanza bei ya kiwandani ilikuwa dola 205, ya pili dola 216. Kwa dola 11 za ziada ulipata ile yenye kizidishio kilichofunguliwa, lakini bado ulihitaji mazabodi ya daraja lililoruhusiwa, nayo ghali zaidi. Joto halijui herufi K, jamani. Mwenye kuijua ni risiti.

Mnataka mfano mwingine? Mwaka 2010 kampuni hiyohiyo ilijaribu kuuza kadi ya dola 50 kwa wenye prosesa ya Pentium G6951. Unalipa, unaingiza namba, programu inafungua uwezo ambao tayari ulikuwa ndani ya chipu uliyokwisha kuinunua! Watu walilalamika na mpango ukafa mwaka uliofuata. Tena mwishoni mwa 2015 watengenezaji kadhaa wa mazabodi, ASRock wakiwemo, walitoa BIOS zilizoruhusu kukimbiza prosesa za Skylake zisizo na K. Mwezi Februari 2016 ASRock wakaanza kuiondoa. Kufuli hilo lilikuwa uzio wa soko, wala si breki ya usalama.

Nako si kasi peke yake. Laptop za ThinkPad za mwaka 2012 zilikuwa na orodha ndani ya BIOS: ukiweka kadi ya Wi-Fi isiyo kwenye orodha, mashine inagoma kuwaka. Wapenzi wa mashine hizo wakatengeneza programu inaitwa 1vyrain, inayofuta orodha hiyo na kufungua mipangilio iliyofichwa, ya kukimbiza prosesa ikiwemo. Kufuli moja lilizuia vyote viwili.

Sasa nisije nikaonekana mhubiri wa upande mmoja. Hatari zipo. Ukikosea kuandika BIOS, mashine inakufa, na kwa stesheneri ya Kibimba mashine ikifa biashara inalala. BIOS iliyookotwa mtandaoni inaweza kuwa na mdudu. Mwaka 2018 watafiti wa ESET walifichua LoJax, programu hasidi iliyojificha humohumo, ambako hata ukifuta Windows yote haiondoki. Na umeme je? Ukipandisha kasi kwa asilimia 30 na volti kwa asilimia 10, matumizi ya prosesa yanapanda kwa zaidi ya nusu, maana volti inahesabiwa mara mbili. Hiyo ni LUKU. Hilo ni joto juu ya feni iliyojaa vumbi.

Ndiyo maana nilimwambia yule kijana waziwazi: kwa kazi ya barua na fomu, SSD na RAM ya kuongeza vitamsaidia mwenye duka kuliko kukimbiza prosesa. Akacheka. "Kaka, hilo najua. Lakini nataka mimi ndiye niamue, siyo boksi." Kabla ya kugusa chochote alikuwa ameshahifadhi nakala ya BIOS ya zamani kwenye flashi mbili. Wangapi kati yenu mna nakala hiyo?

Jibu lake ndilo hoja yangu yote. Haki ya kufungua haikulazimishi kukimbiza. Ni haki ya mwenye mali kuamua, ashinde au aharibu. Mnunuzi wa gari la mtumba akitaka kubadili injini hatumwiti mwizi. Tunamwambia aangalie breki.

Kilichonikera zaidi ni unafiki wa wakati. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Mashine nyingi zinazotufikia kwa mtumba haziko kwenye orodha hiyo. Yaani waliozitengeneza wamezipa kisogo, masasisho ya BIOS yalishakoma, lakini kufuli lao tunatakiwa tuendelee kuliheshimu. Kwa niaba ya nani? Mlinzi ameshaondoka, funguo kaenda nazo, na sisi tunamkaripia mwenye nyumba anayechokonoa mlango wake.

Kwa hiyo nasema hivi. Mtengenezaji akiacha kuhudumia mashine, atoe na funguo za BIOS yake. Vyuo vyetu, VETA wakiwemo, vifundishe kusoma, kuhifadhi na kurudisha BIOS kwa usalama, kama wanavyofundisha kulehemu. Hatari nilizozitaja zinapungua kwa elimu, haziondoki kwa kukemea. Na nyinyi wa kwenye grupu, kama mna ujuzi kuliko yule kijana, mpeni. Kama hamna, acheni kumwita mwizi mtu anayeiwezesha Kibimba kuchapa barua.

Nawasilisha. Matusi na hoja vyote vinapokelewa, ila hoja zitangulie.