MWENYE TIMU NI NANI?

Uwanja wa Kambarage uliopo mjini Shinyanga umepewa jina la utotoni la Mwalimu Julius Nyerere. Ni mbali na Unguja na Pemba, na huenda wasomaji wetu wengi hawajapata kuuona ila katika televisheni. Hata hivyo, mambo yaliyotokea katika uwanja huo, na katika viwanja vya Mwadui na Geita, tangu mwaka 2014, yanatuhusu sisi wa Visiwani kuliko tunavyodhani, na tungependa leo kuyazungumza kwa urefu kidogo.

Katika muda huo ukanda ule wa dhahabu na almasi ulipandisha timu tatu katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Stand United ya Shinyanga iliingia mwaka 2014, ikashuka mwaka 2019. Mwadui ilifuata mwaka 2015, ikashuka mwaka 2021. Geita Gold ilipanda mwaka huo huo wa 2021 na kushuka mwaka 2024. Timu tatu, na zote tatu zimeshuka. Na hakuna atakayesema kwamba zimeshuka kwa sababu zilitoka katika nchi ya kimaskini. Zilicheza juu ya ardhi yenye utajiri ambao klabu nyingi za Afrika Mashariki zingeuota tu.

Basi kilichokosekana ni nini? Kwa maoni yetu, kilichokosekana ni jibu la swali moja ambalo viongozi wetu wa michezo hawapendi kuulizwa: mwenye timu ni nani?

Tuanze na Mwadui, kwa kuwa mambo yake ni mepesi kueleza. Mgodi ule ulianzishwa mwaka 1940 na Dakta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, na timu imekuwa mtoto wa mgodi. Mwenye mgodi ndiye mwenye timu, na uwanja na mshahara vimo katika daftari moja. Utaratibu huu una heri yake, kwani mchezaji hulala akijua kesho atakula. Lakini mwezi wa Aprili 2020, bei ya almasi ilipoanguka na maradhi ya korona yakafunga masoko ya dunia, mgodi ulisimamisha uchimbaji, na haukuurudia hadi mwaka 2021. Msimu wa 2020/21 ndio ulioishusha Mwadui. Hatusemi kwamba mabao yalifungwa na bei ya almasi. Mpira una mambo yake. Ila timu ambayo pumzi yake yote hutoka katika pua ya mwenzake, mwenzake akiugua nayo hulala kitandani.

Wazee wetu wanayakumbuka haya kutoka zama za mashirika ya umma. Pamba ya Mwanza, iliyoota katika shamba la Mamlaka ya Pamba, ilikuwa bingwa wa Muungano mwaka 1990, katika ligi ile ile ambayo KMKM yetu iliichukua mwaka 1984 na Malindi mwaka 1989 na 1992. Nguvu za shirika zilipokwisha, Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka ishirini, mpaka iliporejea mwaka 2024 ikiwa mikononi mwa Jiji la Mwanza.

Habari ya Stand United ni nyingine, na kwetu ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Hii ilizaliwa na watu wa kituo cha mabasi, wapiga debe na wenzao, wakaiita Chama la Wana. Hapana mgodi ulioizaa wala halmashauri iliyoilea. Ilipoingia Ligi Kuu, kampuni ya dhahabu ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, ikaingia mkataba wa kuifadhili mwaka 2015. Fedha zilikuwa nyingi kuliko timu yoyote ya mkoa iliyopata kuziona. Mwalimu aliletwa kutoka Ufaransa, na jezi zikang'ara.

Mwaka 2016 klabu ikagawanyika mapande mawili. Upande mmoja walisimama wanachama, wakidai kwamba timu ni yao kwa kuwa wao ndio walioianzisha. Upande wa pili ilisimama kampuni iliyosajiliwa kwa jina la timu, ikidai kwamba uendeshaji ni wake kwa kuwa mkataba unahitaji kampuni. Kila upande ulikuwa na viongozi wake na barua zake, na kila upande uliamini kwa dhati kwamba wa pili ni mvamizi. Acacia, ilipoona kwamba haijui tena ni mkono wa nani unaopokea fedha zake, ilijitoa mwaka huo huo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na chombo hiki kilikuwa kimejaa shehena.

Kuna jambo ambalo watu wa Shinyanga wenyewe hawalisemi sana. Hata kama wanachama na kampuni wangepatana, mfadhili yule hakuwa na maisha marefu. Mwaka 2017 Acacia iliingia katika mgogoro mkubwa na Serikali juu ya mchanga wa madini, na mwaka 2019 jina lake lilifutika, migodi ikarudi kwa Barrick na kuundwa kampuni ya Twiga kwa ubia na Serikali. Stand United ilishuka daraja mwaka huo huo wa 2019. Waliogombana mwaka 2016 walikuwa wakigombania kisima ambacho kingekauka baada ya miaka mitatu.

Geita ilijaribu njia ya tatu. Timu ilikuwa ya Halmashauri ya Mji, na mgodi wa dhahabu wa Geita ulikuwa mfadhili. Kwa macho ya haraka huu ndio utaratibu bora, kwani mwenye mali anajulikana na mwenye fedha anajulikana. Na kwa kweli ilifika mbali: katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2021/22, Geita Gold ilishika nafasi ya nne, mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na timu ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako ilitolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Misimu miwili baadaye ilikuwa imeshuka.

Halmashauri ni mwenye mali wa namna ya pekee. Mkurugenzi wake huteuliwa na huhamishwa. Madiwani wake hupigiwa kura kila baada ya miaka mitano. Ofisa aliyejifunza kusoma mkataba wa mchezaji huondoka na ujuzi wake ndani ya mkoba, na mwenzake anayekuja huanza alifu. Zaidi ya hayo, diwani anapoulizwa na wananchi juu ya zahanati na matundu ya vyoo vya skuli, atajibu nini juu ya mshahara wa golikipa? Hatuna hakika kwamba swali hilo lina jibu zuri. Na tusisahau kwamba mwaka 2016, timu ya Geita ilipokuwa ikitafuta kupanda, iliifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0 siku ambayo Polisi Tabora, iliyokuwa ikiwania nafasi ile ile, iliifunga JKT Oljoro 7 kwa 0. Shirikisho la Bara liliona kwamba hesabu hiyo si ya mpira, likazishusha timu zote nne, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Timu za taasisi za umma zilikuwamo katika aibu hiyo. Anayedhani kwamba mali ya umma hujilinda yenyewe kwa kuwa ni ya umma aitazame siku ile.

Wako wasemao kwamba dawa ya yote haya ni tajiri mmoja mwenye mapenzi. Basi tuutazame mwendo wa tajiri anayejulikana kuliko wote katika nchi yetu. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida mwaka 1975, mfanyabiashara, na mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, alianza kama mfadhili wa Simba mwanzoni mwa miaka ya 2000, zama ambazo Simba iliwavua ubingwa wa Afrika Zamalek wa Misri, mwaka 2003. Kisha akainunua timu ndogo ya Mbagala Market, ikaitwa African Lyon. Hapo alikuwa mwenye mali kamili, hana mwanachama wa kumsumbua. Akaachana nayo. Na katika msimu ule ule wa 2018/19 ulioishusha Stand United, mwenzake wa safari alikuwa African Lyon: timu ya wapiga debe na timu iliyowahi kuwa ya tajiri zilishuka ngazi moja msimu mmoja.

Dewji akarudi Simba kwa mlango mwingine. Desemba 2017 alishinda zabuni ya kununua asilimia 49 ya hisa kwa shilingi bilioni 20, kwa kuwa Serikali ilikwisha kuweka sharti kwamba asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Timu ilichukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2018, na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wakati huo huo mjadala wa lini na vipi zile bilioni 20 zinaingia uliendelea kwa miaka, na mwaka 2021 ndipo alipoonyesha hundi hadharani. Mwaka huo huo aliacha uenyekiti wa bodi. Mwaka 2024 akarejea. Mei 2025 Simba ilicheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane hapa hapa kwetu, katika uwanja wa Amaan, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na kulikosa kombe.

Tunachokiona katika mwendo huo ni kwamba mtu yule yule, mwenye fedha zile zile, alishindwa kuijenga timu isiyokuwa na watu nyuma yake, na akafanikiwa katika timu yenye wanachama wanaomhoji, wanaomzomea na wanaojaza uwanja. Tajiri mwenyewe huenda asikubaliane nasi. Lakini sisi tunaamini kwamba kelele za wanachama, pamoja na uchovu wake wote, ni sehemu ya mtaji.

Sasa turudi nyumbani. Sehemu kubwa ya ligi yetu huendeshwa na timu za vikosi: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto na nyenginezo. Hizi ni Mwadui zetu. Mshahara upo, nidhamu ipo, lakini watazamaji ni haba, kwani mwananchi wa kawaida haioni timu ya kikosi kuwa yake. Kando yake zipo timu za mitaa, ambazo ni Stand United zetu. Mlandege ilionyesha kwamba timu ya aina hiyo haijafa ilipochukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na mara ya pili kwa kuifunga Simba katika fainali. Mahoteli na makampuni yanayoingia Visiwani yatataka jina lao liwe kifuani mwa timu kama hizi, na viongozi wa klabu watayakimbilia, nasi hatuwalaumu. Ila utalii nao ulifungwa na korona mwaka 2020, kama almasi.

Kwa hiyo tunaliomba Baraza la Taifa la Michezo pamoja na Shirikisho letu la soka, kabla ya klabu yoyote kutia saini na mfadhili, watake kuona mambo matatu kwa maandishi: orodha ya wanachama iliyohakikiwa na Mrajis, hati inayoonyesha jina la timu, rangi zake na uwanja wake ni mali ya nani, na maelezo ya nani atalipa mishahara iliyobaki ya msimu ikiwa mfadhili ataondoka katikati. Klabu isiyoweza kuleta karatasi hizo isikatazwe kucheza, lakini mkataba wake usisajiliwe. Tunajua baadhi ya viongozi wataiona kazi hii kuwa ni urasimu wa maofisa. Wale wa Shinyanga mwaka 2015 nao walikuwa na haraka.

Chama la Wana, kwa kheri, bado hai. Mwaka 2025, bila ya mgodi nyuma yake, Stand United ilirudi hadi hatua ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, ikakutana na Fountain Gate, timu ambayo katika muda mfupi ilibadili jina na kuhama kutoka Singida hadi Babati. Stand United ilishindwa, ikabaki daraja la pili, katika uwanja wake wa Kambarage.