Maendeleo Endelevu, Uraia wa Ulimwengu na Ukimya wa Idara za Kiswahili

Ni nadra siku hizi kuingia katika chuo kikuu cha Kenya pasi na kulakiwa na bango lenye maneno "maendeleo endelevu". Kamati huundwa, miche hupandwa mbele ya wapigapicha, na ripoti huandikwa kwa ajili ya wale wanaovipanga vyuo kwa madaraja. Na tangu 2019 ipo orodha mahsusi ya kimataifa inayopima jinsi vyuo vinavyotekeleza malengo ya Umoja wa Mataifa. Katika pilikapilika zote hizi idara ya Kiswahili hukumbukwa mara moja tu, nayo ni siku ya kuandika bango. Mhadhiri huletewa sentensi ya Kiingereza saa nne za asubuhi, akaombwa airudishe kwa Kiswahili kabla ya chakula cha mchana. Akisha kuifasiri, hahitajiki tena.

Kuulaumu utawala wa vyuo peke yake ni rahisi mno. Idara zenyewe zimeridhika na kazi hii ya ukalimani, tena zimeihesabu kuwa ni heshima. Huu ndio ukimya unaopaswa kushambuliwa, kwa sababu jambo linalonyamaziwa liko katikati kabisa ya taaluma ya fasihi.

Malengo yaliyopitishwa mnamo 2015 ni 17. Lengo la nne lahusu elimu, na kipengele chake cha saba chataka kwamba ifikapo 2030 kila mwanafunzi awe amepata maarifa ya kuyakuza maendeleo endelevu, miongoni mwayo uraia wa ulimwengu, kuzithamini tamaduni mbalimbali, na kuutambua mchango wa utamaduni katika maendeleo hayo. Hayo ya mwisho ndiyo yasiyosomwa. Wahandisi huyaruka kwa kuwa hayapimiki, nao wahadhiri wa fasihi, ambao yaliandikwa kana kwamba kwa ajili yao, hawajafika hata kwenye ukurasa huo.

Hebu yaangaliwe maneno yenyewe. "Endelevu" limeundwa kutokana na "endelea" kwa kiambishi kile kile kilichozaa "sikivu" na "tulivu". Basi "maendeleo endelevu" ni maendeleo yenye tabia ya kuendelea. Shina moja limetumiwa mara mbili. Ripoti ya 1987 ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, iliyolieneza wazo hili duniani, ilisema jambo jingine: kwamba watu wa leo watimize mahitaji yao bila ya kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kutimiza ya kwao. Humo mna dhana ya kiasi, na mna dhana ya amana. Katika fungu la Kiswahili hamna hata moja. Mkandarasi aliyefyeka msitu mwaka jana na anayefyeka mwingine mwaka huu aweza kusema, bila ya kuivunja sarufi, kwamba maendeleo yake ni endelevu. Istilahi yenyewe imekwisha ota mizizi na si lazima ing'olewe. La kushangaza ni kwamba wajuzi wa lugha waliipokea, wakaifundisha na kuichapa kwenye mabango bila ya kuuliza imepoteza nini njiani.

Uraia wa ulimwengu nao una mkasa wake. "Raia" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka lilihusu kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Kiswahili kililichukua likiwa na maana hiyo ya pili, na mnuso wake haujafifia: hata leo raia ni yule asiye askari na asiye na cheo, anayepaswa kutii. Raia wa ulimwengu, basi, anachungwa na nani? Lugha ina neno jingine la kale zaidi kwa wakaaji wa dunia, nalo ni "walimwengu"; lakini msikilizaji yeyote wa mashairi na taarabu ajua kuwa walimwengu ni watu wa husuda na maneno mengi, ambao mja hutahadharishwa nao. Lugha iliyokaa bandarini karne nyingi, ikapokea Waarabu, Wahindi, Wareno na Waingereza, haikuufikia ulimwengu kwa kuhudhuria semina. Ina shaka zake juu yake, na shaka hizo ni maarifa.

Hata hivyo imo fasihi iliyolivuka shaka hilo, na haikungoja mwaliko wa kamati. Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi mnamo 1995. Mhusika wake Dzombo ahukumiwa na utawala dhalimu na kutiwa katika chombo ambacho chakusudiwa kiwe kifo chake, lakini akiongoza hadi nchi ambayo jina lake ni fumbo jepesi: wale ni sisi. Fumbo ni jepesi, ila kazi lifanyayo si nyepesi. "Wale" ni kionyeshi cha mbali, ni kidole kinachowanyoshea wengine. "Ni sisi" hukirejesha kidole kwa mwenyewe. Haisemwi kwamba watu wote ni sawasawa, wala kwamba mipaka haipo. Kinachosemwa ni kwamba anayetazama kwa mbali amekwisha kuwamo katika anachokitazama. Mkangi aliyajua hayo kwa gharama: alikuwa mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipotiwa kizuizini mnamo 1986. Ni miaka 20 kamili kati ya riwaya yake na malengo ya 2015. Silabasi ngapi za uraia wa ulimwengu katika nchi hii zimeitaja?

Lamu yatoa mfano wa karibu. Huko Kwasasi palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye uwezo wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa linalosikiliza rufani za mazingira liliifuta leseni ya mradi huo, na miongoni mwa sababu lilizozitoa ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Ripoti ya athari kwa mazingira, kama kawaida ya ripoti hizo, iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha wataalamu. Mvuvi aliyezaliwa katika mji ambao lugha yake imeandikwa kwa karne kadhaa alitakiwa atoe maoni juu ya bahari yake kupitia maandishi asiyoyasoma. Haya si matatizo ya tafsiri tu. Chuo kikuu kinachofundisha kemia, uhandisi na sheria bila ya kumtoa hata mhitimu mmoja awezaye kuiandika ripoti kama hiyo kwa Kiswahili sanifu kimeshiriki katika kumnyamazisha mvuvi huyo, hata kama uani mwake mmepandwa miti elfu.

Na visiwa hivyo hivyo ndivyo vilivyomlea Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19 akiyatazama magofu ya Pate. Utenzi huo umefundishwa kwa miaka mingi kama mawaidha ya dini, na ni kweli ni mawaidha. Mshairi hakuwa mwanamazingira, hasha. Wala Pate haikuangushwa na makaa ya mawe. Lakini ni nani mwingine katika lugha hii aliyeuliza kwa makini kama huo ni kipi hubaki baada ya utajiri usiojiwekea kiasi? Dhana ile iliyopotea katika "endelevu" imehifadhiwa humo.

Hapa yafaa wahakiki nao waguswe. Tangu ulipochapishwa mkusanyo wa Glotfelty na Fromm mnamo 1996, uhakiki wa kiikolojia umekuwa sare ya kuvaliwa na kila tasnifu. Mtahiniwa huchukua riwaya, huihesabia miti, mito na moshi, kisha hutangaza kwamba mwandishi "ameshughulikia mazingira". Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014), iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili, imeteswa hivyo zaidi ya nyingine. Orodha za uharibifu wa mazingira zilizochomolewa humo zimekaririwa mno, ilhali kiini kimeachwa. Lunga alikuwa mtetezi mkali wa mazingira alipokuwa shuleni. Baadaye, akiwa ametupwa nje ya kazi kwa uadilifu wake, anaishia kuwa mlowezi katika Msitu wa Mamba, akilima pale pale ambapo ujana wake ungemkataza. Je, ameusaliti msimamo wake, au msimamo wa gwaride la shule ulikuwa wa mtu mwenye mshahara wa kutarajia? Swali hilo lina uzito kuliko orodha yoyote, na wanaopandisha miche mbele ya kamera wangepaswa kulijibu wa kwanza.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba Kiswahili nacho si mwanakondoo. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo kadhaa kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mnamo 2008, ilitunzwa kwa miiko iliyonenwa kwa Kigiriama, Kidigo, Kirabai na ndugu zao. Kiswahili hakikuitunza. Mtaalamu wa Kiswahili anayelalamika kwamba Kiingereza hakimsikii, huku naye hasikii lugha za wazee wa kaya, amejenga ngazi ile ile na kujichagulia kipago cha pili. Hoja hii ni nzito, lakini haitetei ukimya. Inaongeza kazi: idara iwapeleke wanafunzi wake kayani wakiwa wasikilizaji, si wakusanyaji wa methali tu.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hakuna sheria inayokizuia chuo kuandika ripoti yake ya maendeleo endelevu kwa Kiswahili, wala kuidai Walenisi isomwe na mwanafunzi wa uhandisi. Kinachokosekana ni idara yenye kudai kiti kwenye kamati na kukikalia. Mwanzo wake waweza kuwa mdogo. Sentensi ya bango lijalo itakapoletwa saa nne za asubuhi, mhadhiri aombe kwanza aletewe ripoti nzima, aisome, na aijibu kwa maandishi kabla ya kutafsiri neno lolote.