MATOKEO YA UCHAGUZI WA KOMINI: ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO

Wandugu wachimba-madini, wandugu wa mjini, wamama wa sokoni, na ninyi vijana wote wa Kashuga,

Mwezi wa Januari 2024 CENI ilitangaza majina ya washauri wa komini waliochaguliwa tarehe 20 Desemba 2023. Katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini majina yale yalikuwa ya komini mbili tu, Goma na Karisimbi, ambazo zote ni za mji wa Goma. Huko mjini wengine walifurahi, wengine walinung'unika, maana ndiyo desturi ya kura. Lakini sisi wa Masisi tuliisoma orodha ile kama mtu anayesoma barua ya jirani. Hapakuwa na jina lililotuhusu. Uchaguzi haukufanyika kwetu Masisi, wala kwa ndugu zetu wa Rutshuru, kwa sababu ya vita. Na mbali kule Mai-Ndombe, watu wa Kwamouth nao walikosa kura vivyo hivyo.

Yuko atakayesema: "Mimi nachimba shimo, mke wangu analima, watoto wanataka kula. Mshauri wa komini ananihusu nini?" Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mtu aliyechoka kudanganywa. Basi leo tutalijibu polepole, kwa hesabu na kwa historia, na kila mtu apime mwenyewe.

Kwanza tueleze uchaguzi wenyewe. Katiba ya mwaka 2006 ilituahidi mabaraza ya watu katika kila mji, kila komini, kila sekta na kila sheferi. Tukapiga kura mwaka 2006, tukapiga mwaka 2011, tukapiga mwaka 2018. Mara zote tatu tulichagua rais na wabunge, lakini mabaraza ya chini hayakuchaguliwa hata mara moja. Desemba 2023 ndiyo mara ya kwanza chini ya Katiba hiyo wananchi kuulizwa nani awe mshauri wa komini yao, tena waliulizwa wa miji mikuu ya majimbo peke yao. Sekta na sheferi, mahali wanapoishi wengi wetu, ziliambiwa zingoje.

Na matokeo hayo machache yalikuwa na madoa. Tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, wa bunge la taifa, wa mabunge ya majimbo na wa komini, kwa mashitaka ya wizi wa kura na ya kushika mashine za kura isivyo halali. Tena sheria inaweka kizingiti: chama kisichopata kura kumi katika kila mia ndani ya komini hakipewi kiti, hata kama mgombea wake mmoja anapendwa sana mtaani kwake. Wengi waliopiga kura kwa ajili ya jirani yao mwema hawakuyajua hayo, wakabaki wakiuliza kura yao imekwenda wapi. Asiyefundishwa hesabu ya kura ni rahisi kuibiwa, na hata asipoibiwa atafikiri ameibiwa.

Sasa tuje kwenye mfuko. Hapa, wandugu wachimbaji, tunaomba masikio yenu.

Sheria ya Migodi iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2018 inasema hivi juu ya kodi ambayo mwenye kibali cha mgodi hulipa kwa madini anayouza. Katika kila franga 100 za kodi hiyo, 50 zinakwenda kwa serikali kuu, 25 zinakwenda kwa jimbo, 15 zinakwenda kwa sekta, sheferi, komini au mji ambamo mgodi umo, na 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Soma tena: franga 15 katika kila 100 ni za kwenu. Si zawadi ya mkubwa, wala si msaada wa wazungu. Ni sheria.

Jirani zetu wa Walikale wana mgodi mkubwa wa Bisie, uliotoa zaidi ya tani 17,000 za stani mwaka 2024. Mwezi wa Machi 2025 kazi ilisimama vita vilipokaribia, kisha ikaanza tena Aprili. Walikale wana sekta mbili, Wanianga na Bakano. Hizo 15 zinapoingia katika sanduku la sekta, ni nani anayepiga kura kusema: hizi za daraja, hizi za maternite, hizi za shule? Kwa sheria ya mwaka 2008 juu ya utawala wa sekta na sheferi, kazi hiyo ni ya baraza lililochaguliwa. Na baraza lililochaguliwa halikuwapo, kwa maana uchaguzi wake haujapata kufanyika. Hatumshitaki mtu kwa jina. Twasema tu kwamba sanduku lisilo na walinzi waliochaguliwa ni kama nyama iliyoachwa nje usiku. Asubuhi hutauliza fisi gani.

Na sisi wa Masisi tuna sheferi za Bashali na Bahunde, na sekta za Osso na Katoyi. Kashuga yetu iko katika Bashali. Mwami huketi kwa desturi, na hatuna neno juu ya hilo. Lakini sheria inataka pembeni ya Mwami liwepo baraza la sheferi lililochaguliwa na watu wote, lenye kupitisha bajeti na kuuliza hesabu. Baraza halimpunguzii Mwami heshima. Linampunguzia masengenyo, kwa sababu hesabu ikisomwa mbele ya watu, maneno ya pembeni hukoma.

Ninyi wenye kuchimba kwa mikono mnajua jinsi mnavyolipa bila kuuliza. Mmelipa kwenye baryeri, mmelipa jetoni kwa wenye bunduki wa kila rangi, mmetoa gunia la kwanza kwa huyu na la pili kwa yule, mmefanya salongo ya kulazimishwa. Kulipa si jambo geni kwenu. Jambo geni kwenu ni kumwuliza aliyepokea: umefanyia nini? Tofauti ya kodi na unyang'anyi ni swali hilo tu. Na mtu mwenye haki ya kuliuliza kwa niaba yenu, mchana, bila kupigwa, ni mshauri mliyemchagua.

Tazameni wengine wanavyofanya. Huko Uingereza, tarehe 2 Mei 2024, watu walichagua madiwani wa halmashauri 107. Wagombea hawakuahidi mbingu. Walibishana juu ya takataka, mashimo ya barabarani na nyumba za kupanga. Kura zilihesabiwa mbele ya wagombea wenyewe, hesabu ikasomwa kwa sauti, na aliyeshindwa akampa mkono aliyeshinda. Uingereza si mbinguni, nako wapo wanaolalamika. Lakini mtu wa kule anajua jina la diwani wake na anajua atamfukuza lini.

Wengine watasema mambo hayo ni ya Ulaya. Sivyo. Kongo yetu imeyajua tangu zamani, nayo imeonja utamu wake na uchungu wake.

Desemba 1957, chini ya Wabelgiji, komini za Léopoldville, Elisabethville na Jadotville zilipiga kura. Waliopiga walikuwa wanaume peke yao, waliotimiza miaka 25. Wabelgiji walifikiri wanatoa kitu kidogo cha kuwatuliza watu. Lakini Léopoldville chama cha ABAKO kilishinda, na Joseph Kasa-Vubu akawa burugumesta, yaani mkuu wa komini ya Dendale. Tarehe 20 Aprili 1958, siku ya kuingia kazini, hakuzungumza juu ya mitaro na taa. Alidai uchaguzi wa nchi nzima na utawala wa ndani kwa Wakongo. Desemba 1959 Stanleyville nayo ikapiga kura, na chama cha Lumumba kikashinda kwa wingi, Lumumba mwenyewe akiwa gerezani. Mwezi uliofuata Wabelgiji walilazimika kumfungulia, akaenda kwenye mkutano wa Bruxelles. Tarehe 30 Juni 1960 tukapata Uhuru. Mlango mdogo wa komini ndio uliofungua lango kubwa.

Huo ni utamu. Sasa uchungu, na huu ndio hasa tunaotaka Kashuga iukumbuke.

Elisabethville ulikuwa mji wa wachimbaji. Watu walikuwa wametoka kila upande kufanya kazi ya Union Minière na ya reli. Zilipohesabiwa kura za komini nne za Waafrika, Albert, Kenya, Katuba na Ruashi, wakuu wote wanne walikuwa watu waliozaliwa nje ya Katanga: watatu wa Kasai na mmoja wa Kivu. Wachimbaji walikuwa wamechagua watu waliowajua kazini na mtaani. Lakini wengine hawakusoma matokeo yale kama hesabu ya kura. Waliyasoma kama hesabu ya makabila, wakasema: wageni wametutawala. Mwaka 1958 ikazaliwa CONAKAT. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga. Damu ikamwagika, na watu wa Kasai wakafukuzwa makwao. Mwaka 1992 na 1993 wakafukuzwa tena kwa maelfu, wakipakiwa kwenye treni na watoto wao, wengine wakafa njiani. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliochimba shaba ile.

Je, sisi wa Masisi tuna haki ya kuwacheka? Hapana. Kati ya mwaka 1963 na 1965 nasi tulikuwa na vita vilivyoitwa vya Kanyarwanda, na ndani yake mlikuwa ugomvi wa viti, wa utawala, na wa nani ahesabiwe kuwa mwenyeji na mpiga kura. Ugomvi ule haukuzikwa. Umefukuliwa mara nyingi, na kila aliyeufukua alikuja na bunduki. Kambi za waliokimbia ambazo Kashuga imezijua miaka hii yote ni matunda yake. Mtoto aliyezaliwa chini ya turubai hakuuliza nani alikuja kwanza Bashali. Aliuliza chakula.

Kwa hiyo neno letu ni hili. Baraza la karibu ndilo kura yenye faida kubwa kuliko zote kwa mchimbaji na mtu wa kawaida, nalo ndilo tulilonyimwa. Lakini likija, tukilisoma kwa kabila, litatuua. Tulidai kwa nguvu, na tulisome kwa akili.

Mtauliza: vita vikiwapo, tutadai namna gani? Hatuwadanganyi. Kura haipigwi chini ya mtutu wa bunduki. Mwaka 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya magavana wa kijeshi. Mwanzo wa Januari 2025 M23 iliingia Masisi-Centre, na mwisho wa mwezi uleule ikaingia Goma, mwaka mmoja tu baada ya matokeo yale ya komini kusomwa. Hata waliopewa baraza hawakulifaidi. Lakini kumbukeni ndugu zetu wa Beni. Tarehe 30 Desemba 2018 waliambiwa hawatapiga kura ya rais kwa sababu ya Ebola na vita. Wakajipanga mistari, wakaweka masanduku yao wenyewe, wakapiga kura yao ya mfano. Haikuhesabiwa Kinshasa. Lakini iliwaambia wote: sisi tupo.

Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, kila mtu mwenye miaka 18, mwanamume na mwanamke, atunze kadi yake na ajue sheferi yake na grupuma yake, hata akiwa amekimbilia mbali. Mwaka 1957 mama zetu hawakuhesabiwa. Leo sheria inawahesabu, na mwanamume asiwafungie mlango.

Pili, tujifunze hesabu ya kura kabla ya siku ya kura. Sheria inataka karatasi ya matokeo ibandikwe mlangoni pa kila ofisi ya kura. Siku ikifika, tuiandike, tuipige picha, tuijumlishe wenyewe.

Tatu, tusingoje uchaguzi ili kuuliza juu ya franga 15 katika 100. Vyama vya wachimbaji, parokia, misikiti na makanisa yote, walimu, na wamama wa ushirika waulize kwa barua na kwa adabu: zimeingia ngapi, zimefanya nini?

Nne, atakayekuja kuomba kura yako kwa jina la ukoo wako, mwulize juu ya daraja na juu ya maternite. Akirudi tena kwenye ukoo, umemjua.

Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika orodha ya Januari 2024 hatukuwapo. Safari ijayo, kwa amani na bila bunduki, tuwepo, tuhesabiwe, nasi tuhesabu.