Motokari inayotetemeka: tupime kwanza, tulipe kisha



Juma hili tunaacha kidogo habari za sabuni na lishe ya watoto. Tunaongea juu ya motokari ya kikundi, kwa sababu imetupa somo lililokula akiba yetu.

Wengi wenu mnaijua: Toyota Corolla ya zamani, ya esanse, inayobeba ndizi na mihogo yetu mpaka soko la Kilokwa. Ilianza kusumbua kwenye ralanti, ni kusema wakati imesimama na motere inawaka, bila mguu kwenye akseleratera. Motere ilipanda, ikashuka, ikatetemeka, kisha ikazimika. Tulizoea. Dereva alikanyaga akseleratera kidogo kila tuliposimama, na safari ikaendelea.

Mpaka usiku ule tulipompeleka mwenzetu kujifungua. Motokari ilizimika mara 3 njiani, na mara ya mwisho ilikawia sana kuwaka. Katika mji wetu kila mama anajua maana ya kukwama gizani barabarani. Mtoto alizaliwa salama, Mungu asifiwe, lakini sisi hatukulala.

Kesho yake tulienda garaji. Fundi alizungusha visi ya ralanti, motere ikapanda, tukashukuru. Baada ya siku chache esanse ilikuwa inaisha upesi, na kutetemeka kukarudi. Akasema tununue buji 4 mpya. Tukanunua, hali ikabaki vilevile. Akasema sasa ni pompi ya esanse, dola 45. Hapo mweka-hazina wetu alifunga sanduku.

Mtoto akiwa na homa, hatumpi kila dawa iliyo dukani. Tunapima kwanza. Kupandisha ralanti kwa visi ni kushusha homa bila kutibu malaria.

Fundi wa pili, papa mzee, hakushika ufunguo. Aliuliza: “Wamama, inatetemeka ikiwa baridi, ao ikisha kupata moto? Inazimika mkiwasha taa? Esanse mlinunua wapi? Nani aliigusa mwisho?” Tulijibu: baridi na moto, yote sawa, na ilianza baada ya kusafishwa filtri ya hewa.

Alifungua kapo, akaweka ncha moja ya tiyo ndefu sikioni, ncha nyingine akaipitisha polepole karibu na motere. Mahali pamoja alisikia mlio kama wa nyoka. Akatia matone ya maji ya sabuni pale, na motere ikabadilisha sauti palepale. Tiyo ndogo ya mpira ilikuwa imepasuka. Mpya tulilipa franka 5,000.

Papa alitueleza hivi. Hewa inapita kwenye filtri, kisha kwenye mlango mdogo unaoitwa papiyo, na motere inachanganya esanse kulingana na hewa hiyo. Tiyo ikipasuka nyuma ya mlango, hewa nyingine inaingia kwa wizi. Ni kama kupika bugali huku mtoto anamwaga maji chunguni bila wewe kuona. Ukitembea mbio huoni sana, kwa sababu hewa ni nyingi. Ukisimama, hewa ni kidogo, na ile ya wizi inaharibu yote.

Si kila motokari ina ugonjwa huo. Kwa hiyo fuateni mpango, mkianza na kisicholipiwa:

1. Tazameni filtri ya hewa. Vumbi letu huiziba upesi.
2. Sikilizeni na kutazama tiyo zote za mpira: zilizopasuka, zilizokauka, zilizochomoka.
3. Fundi atoe buji. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha esanse nyingi. Buji iliyolowa haichomi vizuri.
4. Asafishe papiyo na valvu ndogo ya ralanti, kwa maana masizi huziba njia ya hewa.
5. Kama inazimika mkiwasha taa, apime pia batri na alternateri.
6. Esanse ya chupa ikiwa na maji, itetemesha hata motokari nzima. Iacheni itulie kwenye chupa nyeupe: maji hukaa chini.

Pompi na vyombo vya bei vije mwisho, tena baada ya kupimwa. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha mjaribu. Mkibadilisha vitatu pamoja, hamtajua kipi kilikuwa kibovu. Dai chombo cha zamani kirudishwe mkononi mwenu.

Na usalama: motere ikiwaka, kikwembe na nywele zikae mbali na feni na mikanda. Msiwashe motere ndani ya garaji iliyofungwa, moshi wake una sumu isiyo na harufu. Na maji ya sabuni yasiguse nyaya za buji.

Sasa motokari yetu ina kaye yake. Dereva anaandika siku, dalili, kilichofanywa na bei. Mama yeyote wa kikundi anaweza kuisoma kabla ya pesa kutoka. Siku ya posho tutaileta kwenye mkutano, na wenye kikundi chenye pikipiki ao mashine ya kusaga waje watazame. Mashine ya esanse nayo inapumua hewa, na kaye kama hii itawafaa.